Ugaidi na usalama wa mtaani Mwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yameokotwa kwenye mikutano ya mtaa, vijiwe vya bodaboda, mialoni wanakotia nanga wavuvi, na nje ya misikiti na makanisa watu wakishatoka ibadani. Anayeyajibu ni mjumbe wa ulinzi shirikishi, si polisi wala mwanasheria. Mengine yameulizwa kwa utani, lakini yamejibiwa kama yalivyo, kwa sababu huku kwetu mtu akiogopa jambo huanza kwa kulicheka.

Ugaidi ni nini hasa? Hawa wanaopora injini za mitumbwi usiku nao ni magaidi?

Hapana, hao ni majambazi. Wanataka injini na nyavu zako, wakishazipata wanaondoka. Gaidi hana shida na injini yako, na pengine hata wewe hakujui. Anaua waliopo ili wasiokuwepo waogope, na serikali au kundi fulani la watu lishinikizwe, kwa sababu za siasa, dini au itikadi.

Naomba tofauti hii ishikwe vizuri, maana siku hizi neno "gaidi" limekuwa tusi la kugombania mpaka wa kiwanja. Tanzania ina Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002, na mashtaka ya ugaidi hayana dhamana. Julai 2021 Freeman Mbowe, aliyekuwa mwenyekiti wa Chadema, alikamatwa hapahapa Mwanza, akashtakiwa kwa makosa ya ugaidi, na akakaa ndani hadi Machi 2022 mashtaka yalipofutwa. Masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walikaa rumande miaka kadhaa kwa mashtaka ya aina hiyo hadi yalipofutwa mwaka 2021. Ukimwita jirani yako gaidi kwa sababu ya mbuzi aliyekula mahindi, jua unacheza na kitu gani.

Haya si mambo ya Nairobi na Msumbiji? Huku Ziwani yanatuhusu nini?

Tarehe 7 Agosti 1998 asubuhi mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu zaidi ya 200, Dar es Salaam 11. Tarehe 11 Julai 2010 ikawa zamu ya Kampala, mji ambao meli zetu zinaupelekea mizigo kupitia bandari ya Port Bell. Watu walikuwa wamekaa wanatazama fainali ya Kombe la Dunia, na zaidi ya 70 hawakurudi nyumbani. Mei 2013 bomu lilirushwa kanisani Olasiti, Arusha. Oktoba 2020 wapiganaji waliotoka Msumbiji walivuka mto Ruvuma na kushambulia kijiji cha Kitaya, Mtwara.

Hapa Mwanza wengi wanakumbuka Mei 2016, watu waliofunika nyuso walipoingia msikitini kule Mkolani na mapanga na kuua waumini watatu waliokuwa wanaswali. Wanaoniuliza "hao ni kina nani" huwa sina cha kuwaambia zaidi ya hiki: waliouawa walikuwa Waislamu, wako kwenye ibada. Anayedhani vitisho vya namna hii vinawalenga watu wa dini moja tu hajatazama wanaozikwa.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wengi hawalijui. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikitokea Bukoba, na mamia ya watu wakapotea. Karibu kila ukoo wa pande hizi una jina lake kwenye msiba ule. Miongoni mwa abiria waliokufa maji alikuwemo Abu Ubaidah al-Banshiri, mkuu wa kijeshi wa Al-Qaeda. Wenzake walikuja Ziwani kuhakikisha kama kweli amekufa. Alisafiri melini kama abiria yeyote, asiyetambulika kwa sura. Miaka miwili baadaye mtandao ule ukalipua balozi mbili bila yeye.

Basi mtu hatari nitamjuaje?

Kwa sura, humjui. Hilo la melini limeshatufundisha.

Sisi wa Kanda ya Ziwa tuna somo letu la aibu kuhusu kumjua mtu kwa sura. Bibi zetu wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kupikia miaka 50, watu wakasema ni wachawi. Aliyeanzisha maneno hayo mara nyingi alikuwa jirani, au ndugu aliyelitamani shamba. Kwa hiyo ukija kwangu na kuniambia "yule ana ndevu ndefu", "yule anavaa suruali fupi", "yule Msomali", "yule hasalimii watu", nitakukaribisha chai tu. Hujaniletea taarifa.

Tendo ndilo taarifa. Mtu anayepiga picha za walinzi, mageti na kamera badala ya kupiga picha Jiwe la Bismarck kama wageni wengine. Anayeuliza walinzi wanabadilishana saa ngapi, au siku gani msongamano unakuwa mkubwa. Anayenunua mbolea nyingi na hana hata bustani ya mchicha, halafu hataki risiti wala jina lake liandikwe. Anayepanga chumba, analipa miezi mingi mbele, hataki mwenye nyumba aingie hata bomba likipasuka, na usiku inaingia mizigo isiyosemwa ni ya nini. Anayejaribu kuingia eneo lililofungwa akikutwa anasema amepotea, kesho yake anapotea tena palepale.

Kila moja kati ya hayo linaweza kuwa na maelezo safi kabisa. Wala hutakiwi wewe kuyatafuta. Unatakiwa useme ulichokiona.

Nikikuta begi au mzigo hauna mwenyewe, nifanye nini?

Usiuguse, usiufungue, usiupige teke, usiumwagie maji. Uliza kwa sauti, mara moja, kama una mwenyewe. Kimya? Ondoka na watu wako, waambie walio karibu waondoke pia, na piga simu ukiwa umeshafika mbali, si pembeni ya mzigo. Kama jengo au kizuizi cha zege kipo kati yako na mzigo, ni bora zaidi. Usisimame nyuma ya kioo.

Sasa niungame. Miaka kadhaa iliyopita, kwenye foleni ya kivuko, niliona ndoo ya plastiki yenye betri, nyaya nyekundu na nyeusi, zimefungwa kwa solotepu. Nikapiga yowe. Watu wakakimbia, akina mama wakaacha matenga ya nyanya, mpaka alipotokea kijana anatafuna karanga na kuuliza nani amesogeza taa zake. Zilikuwa taa za kuvulia dagaa. Mvuvi yeyote anazijua: zamani ilikuwa karabai, sasa ni betri na balbu, na zikishafungwafungwa zinafanana kabisa na zile za kwenye sinema. Kwa miezi sita niliitwa Mzee Ndoo.

Sijutii yowe. Ninachojuta ni kwamba sikuuliza kwanza. Kitu kinapimwa kwa mahali kilipo. Betri yenye nyaya mwaloni Kirumba haishangazi. Betri ileile chini ya kiti cha basi standi ya Nyegezi, haina mwenyewe, na mtu ameonekana akiiacha na kuondoka haraka, hiyo ni habari nyingine. Anayejua vizuri cha kawaida cha mahali pake ni yule anayeshinda pale: mama lishe, mpiga debe, machinga wa Makoroboi, mfagiaji. Hao wana macho kuliko kamera, tatizo hatuwaulizi.

Ukisikia mlipuko au risasi, ukimbie au ulale?

Kama njia ya kutoka iko wazi, kimbia, acha mzigo, acha ndala. Kama haiko wazi, jifiche nyuma ya kitu kigumu, funga mlango, sukumia meza au jokofu, zima mlio wa simu hata mtikisiko. Ubao na bati havizuii risasi, ukuta wa tofali una nafuu. Risasi zikiwa karibu na uko uwanja wazi, lala kifudifudi kwanza, kisha utafute upenyo.

Nairobi mwaka 1998 kulitangulia vishindo na milio ya silaha kabla ya bomu kubwa. Watu wa maofisini wakakimbilia madirishani kuona kuna nini. Bomu lilipolipuka vioo viliwapata usoni, na wengi wakabaki vipofu. Kwa hiyo ukisikia kishindo, dirisha ulipe mgongo.

Hapa ndipo ninapogombana na watu wangu. Sisi tukisikia "puu!" tunakwenda kuona. Agosti 2019 Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakalizunguka na madumu, likawaka, na walikufa takriban 100. Ile ilikuwa ajali. Mtu mwenye nia mbaya anaijua tabia hiyo, na bomu la pili huwekwa kwa ajili ya wanaokuja kushangaa la kwanza. Ukishatoka, nenda moja kwa moja mbali, usisimame kupiga video.

Wenye vyombo vya usafiri wasizibe barabara ya kwenda hospitali za Bugando au Sekou Toure. Bajaji 20 zikikimbilia geti moja, gari la wagonjwa halipiti.

Majeruhi anayevuja damu: kanga safi au shati, likunje, likandamize juu ya jeraha kwa nguvu na usifunue kila dakika kuangalia. Damu ikilowa ongeza nguo nyingine juu yake. Chuma au kioo kilichozama mwilini kiache kilivyo, kandamiza pembeni. Ukipata mtoto asiye na mtu, mpeleke kwa askari au mjumbe anayejulikana na useme ulipomtoa.

Mimi ni bodaboda. Abiria akinipa mzigo nipeleke peke yangu, nitajuaje umebeba nini?

Muulize. Swali la "kuna nini humu, mama?" halijawahi kumkera mtu mwenye unga wa muhogo. Mzigo ufunguliwe mbele yako, uandike namba ya anayetuma na ya anayepokea. Anayekupa nauli mara tatu ya kawaida ili usiulize, ameshakujibu.

Na laini ya simu usimpe mtu. Imesajiliwa kwa alama zako za vidole, kwa hiyo atakachofanya nayo kitakufuata wewe. Mawakala wa pesa mnayajua haya kuliko mimi: yule anayeomba utume hela kwa kitambulisho cha mtu mwingine, vipande vidogovidogo, kwa namba nyingi ambazo hajui majina ya wenyewe. Unaweza kukataa muamala, kisha ukatoa taarifa.

Mwenye gesti anawajibika?

Ndiyo. Kitabu cha wageni kijazwe na kitambulisho kionekane, si kusimuliwa. Anayekuja na jina leo na jina jingine kesho, usimjadili mapokezi. Mpe ufunguo, kisha mpigie polisi wa kata.

Kijana wangu amebadilika. Haongei, yuko kwenye simu usiku kucha, anatuita sote makafiri. Ni hatua gani nichukue?

Hili huulizwa kwa sauti ndogo, mara nyingi na mama, watu wengine wakishaondoka. Nalijibu taratibu.

Mama, kuswali sana si dalili. Kufunga siku 40 na walokole si dalili. Kijana kununa wiki nzima ni kijana tu. Yanayonitia wasiwasi yanakuja kwa mkupuo: ameacha marafiki wote wa zamani, hata wa timu ya mpira, ana rafiki au "ustadhi", "mchungaji" au "kiongozi" mpya ambaye hamtaji jina, anasema damu ya watu fulani ni halali, anasifia video za kuchinja, anauza vitu vyake, anaulizia pasipoti kwa siri, ana pesa isiyo na kazi nyuma yake. Na safari. Daima kuna safari: kazi ya melini, masomo ya dini nje, kazi ya madini kule Msumbiji, nauli imeshalipwa na haagi mtu.

Uasi wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, ulianza Oktoba 2017, na miongoni mwa waliokwenda kupigana kule walikuwemo vijana wa Kitanzania. Si wote walikwenda kwa ajili ya dini. Wapo walioahidiwa mshahara. Anayeandikisha vijana hatafuti mcha Mungu, anatafuta aliyedhalilika: aliyefeli, aliyefukuzwa kazi, aliyepigwa akaonewa, ambaye hakuna anayemuuliza umekula. Halafu yeye anamuuliza.

Kwa hiyo anza kwa kumuuliza umekula. Usimvamie na "wewe ni gaidi". Ukisema hivyo umemsukumia kwao, kwa sababu walishamwambia kuwa mtasema hivyo. Mtafute mtu anayemheshimu, mjomba, kocha, imamu au mchungaji mwenye elimu asiyekurupuka. Hoja za dini zijibiwe na mwenye dini, si na baba mwenye mkanda. Habari ya kazi nje ishughulikie kama ungeshughulikia utapeli wowote: mkataba uko wapi, wakala ana leseni, nani atampokea. Wakala wa kweli anajibu kwa karatasi.

Ikifika siku ya safari, au anaongelea kumdhuru mtu, hapo usingoje kikao cha ukoo. Toa taarifa siku hiyohiyo. Kuna mzazi aliniuliza, "Nimshitaki mwanangu mwenyewe?" Nilimwambia kijana akisimamishwa standi bado yuko hai na hajaua mtu. Akivuka Ruvuma, hayo mawili hakuna anayeweza kuyaahidi.

Nikitoa taarifa si nitajiletea balaa? Nitalala ndani mimi!

Hofu hii naielewa na sitaidharau. Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015 inalinda utambulisho wa anayetoa taarifa kwa nia njema. Anayetunga uongo makusudi hiyo sheria haimkingi. Na Sheria ya Kuzuia Ugaidi inamtaka mwenye taarifa za ugaidi azitoe.

Ukiogopa kituo, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, mtendaji, balozi wa nyumba kumi, polisi wa kata, au mwambie kiongozi wako wa dini mwende wawili. Sema uliona nini, wapi, saa ngapi, watu wangapi, gari au pikipiki namba gani, walielekea wapi. Ulichosikia kwa mtu sema umesikia. Usichokijua usikijaze. Halafu nyamaza: usirudi kijiweni kusimulia, kwa usalama wako na kwa heshima ya uliyemtaja, ambaye huenda ana betri za dagaa tu.

Ulinzi shirikishi tunaweza kumkagua na kumkamata mtu?

Sungusungu walizaliwa huku Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya wezi wa ng'ombe, na tunajivunia. Lakini walivyopiga watu nako tunakujua. Kazi yetu ni kuona, kuhifadhi eneo, kuita polisi. Mtu mnayemshuku hapigwi. Kwanza anaweza kuwa hana kosa, pili kama analo, aliyekufa hasemi mwenzake yuko wapi. Na kama kweli amevaa kitu kiunoni, fimbo yako ndiyo itakayokuua.

Kwenye mialo na visiwa wageni wanaingia kila siku. Tutawajuaje?

Mwaloni kila mtu ni mgeni, na hiyo ni neema: Mkerewe, Mjita, Mhaya, Mkongomani, wote wanafuata sangara na dagaa. Hakuna wa kumfukuza. Kinachosaidia ni daftari. BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia mialo, ziandikishe mtumbwi, mwenye mtumbwi na wafanyakazi wake kila wanapohama kambi, na tajiri ajue majina halisi ya vijana wake, si "Chui" na "Bonge". Daftari hilohilo ndilo litakalotusaidia mtumbwi ukizama, ambako ndiko tunakofia zaidi. Mtumbwi unaoshusha watu usiku pasipo mwalo, taa zimezimwa, hauna nyavu wala samaki, unatajwa asubuhi kabla chai haijapoa.

Video za "shambulio limetokea Buzuruga" nizisambaze ili watu wajihadhari?

Usisambaze. Nyingi ni za nchi nyingine na za miaka mingine. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu taarifa za uongo. Ukiwa na video uliyoipiga mwenyewe, wape polisi. Picha za maiti za watu usimpe yeyote.

Namba zipi niweke kwenye simu?

112 ya polisi, 114 ya Zimamoto na Uokoaji. Kisha mwenyekiti wa mtaa, polisi wa kata, zahanati ya karibu, na jirani mmoja anayeamka usiku. Ziandike pia kwenye karatasi ubandike nyuma ya mlango, kwa sababu siku ya tatizo chaji huwa imeisha. Uchaguzi wa mitaa ukipita na mwenyekiti akabadilika, karatasi nayo ibadilishwe. Niliyoikuta juzi kwenye nyumba moja Igogo ilikuwa na namba ya mwenyekiti aliyefariki.